Sufuria ya Presha na Wiki Tano Nilizoficha

Vijana wa labo, mmeshinda. Tangu siku mliponiaga kwa keki ile yenye umbo la hadubini (nani aliichora? ilifanana na kuku), kila ninayekutana naye barabarani ananiambia: Mama Nabintu, andika. Haya, nimeandika, na mtasoma mpaka mwisho, kwa sababu nimestaafu na sina tena namna nyingine ya kuwakera. Kuhusu vyeo sitasema kitu: niliingia fundi, nikatoka fundi. Mishahara mnaijua wenyewe, tusiharibiane siku. Nitawasimulia habari za korodani.

Ndiyo, korodani. Za mbuzi. Mimi, binti wa familia ya Kikatoliki kutoka upande wa Bukavu, niliyelelewa na masista hata neno "paja" nisilitamke, nimemaliza maisha yangu ya kazi nikikata korodani za mbuzi vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mama yangu alikwenda kaburini akiamini kwamba kazi yangu ni kupima maji. Sikuwahi kumwambia hivyo. Alijiamulia mwenyewe, nami nikaona si vizuri kumsumbua.

Siku ya kwanza nilifika labo hapa Goma nimevaa kitenge kipya na viatu vya kisigino, nikidhani labo ni ofisi. Aliyenipokea ni Papa Kambale, fundi mkuu, mtu wa Butembo, mrefu na mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinitazama kuanzia juu kwenda chini, akaishia kwenye viatu.

"Mama, hapa kuko vioo na asidi. Na bile biatu utaanguka."

Akanipa kandambili za mpira, moja ya bluu na nyingine ya kijani, zote za mguu wa kushoto. Nilizivaa mwaka mzima.

Papa Kambale alinifundisha mikrotomi, mashine ya kukatia. Kipande cha nyama kinawekwa ndani ya parafini, yaani nta, unazungusha gurudumu, na kisu kinatoa utepe mwembamba unaouelekeza kwa brashi mpaka juu ya maji ya vuguvugu, kisha unauopoa kwa kioo cha hadubini. Mwezi wa kwanza alinikatisha parafini tupu, isiyo na kitu ndani. Tatizo langu lilikuwa kicheko. Ninacheka kwa urahisi, mnanijua, na utepe ule hauvumilii hata pumzi ya paka. Siku moja nilicheka (nafikiri ni kwa sababu ya kandambili), utepe ukaruka, ukanata kwenye miwani ya Papa Kambale. Aliuondoa taratibu, akautazama dhidi ya mwanga, akasema: "Umekata vizuri. Sasa funga kinywa."

Yeye ndiye aliyenipa sheria mbili nilizozishika maisha yangu yote. Ya kwanza: kila mara unapopaka rangi, weka kioo shahidi, yaani kipande cha nyama ambayo unajua lazima itashika rangi. Shahidi akikataa, kosa ni lako, siyo la nyama. Ya pili ilihusu formoli, dawa inayozuia nyama isioze. Umeme wetu mnaujua, unakuja kama mgeni wa heshima, na bila umeme tanuri la parafini halifanyi kazi. Papa Kambale alikuwa akisema: "Kama umeme imekatika, acha kitu mu formol, enda kwako. Formol haiozeshaka kitu." Kwa rangi za zamani, zile za kuonyesha umbo la seli tu, alikuwa sahihi kabisa. Kumbukeni hilo, maana mzee sitaki mumlaumu. Wa kulaumiwa yupo, na ndiye anayeandika.

Korodani zenyewe zilitoka machinjioni, na aliyetumwa kuzileta ni mimi. Mara ya kwanza nilizunguka meza za wachinjaji kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Mama, unatafuta nini?" mmoja akaniuliza.

"Minatafuta bile bintu bya chini," nikasema, nikiangalia angani. "Bya mbuzi mulume."

Yule mchinjaji akaweka kisu chini kwa heshima kubwa. "Pole, mama. Bwana yako anagonjwa tangu lini?"

"Hapana, ni ya masomo!"

"Masomo gani hiyo? Na siye tuandikishe!"

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa juu ya ngozi mbichi. Nami, badala ya kukasirika, nikacheka nao, na tangu siku ile sikukosa mzigo. Waliniwekea pembeni, wamezifunga kwa jani la mgomba, na kila wiki walinituma salamu kwa bwana yangu wakimtakia nafuu. Bwana yangu, Papa Bisimwa, mtu mpole, alipozipata salamu hizo alitafakari kidogo, akasema tusiwajibu.

Jumapili moja nilipitia kazini kuchukua chupa mbili za formoli zenye mali ndani, kisha nikaingia misani nazo kwenye kapu, maana muda wa kurudi nyumbani haukuwepo. Kifuniko kimoja hakikufungwa sawasawa. Mnajua formoli inavyofanya macho. Kufika mahubiri, safu yetu nzima ilikuwa inatokwa na machozi, na padri, aliyekuwa akihubiri juu ya toba, alitiwa moyo sana akaongeza dakika ishirini.

Miaka ikaenda. Papa Kambale alistaafu akarudi kwao Butembo, na ufundi ukabadilika mikononi mwangu. Zamani tulitaka kuona seli ina umbo gani. Alipokuja Profesa Mapendo, mwanamke mfupi anayetembea haraka hata akiwa amekaa, tulianza kutafuta protini: ipi iko wapi, na inafanya nini pale. Yeye ndiye aliyenieleza koneksini, na siku ile nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu kwa furaha.

Sikilizeni, maana ni jambo tamu. Katika korodani inayokua kuna seli walezi. Kazi yao ni kuzilea seli changa ambazo siku moja zitakuwa mbegu. Seli walezi hazifanyi kazi kila moja kivyake, zinaongea. Kati ya seli moja na jirani yake kuna vijitundu vilivyojengwa na protini hiyo, koneksini: kila upande unatoa nusu ya mrija, nusu mbili zinakutana, na njia inafunguka. Sisi kule mtaani Majengo tunaishi hivyohivyo. Kwenye ukuta wa mbao kati yangu na jirani kuna tundu, na kupitia hapo hupita chumvi, kaa la moto, na habari zote za mtaa. Seli walezi zikikosa koneksini zinaendelea kugawanyika ovyo kama watoto wasiotaka kukua, seli changa hazipati malezi, na beberu atapanda majike mwaka mzima bila kuitwa baba.

Ndipo akaja Espérance. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa sayansi, binti kutoka Beni, mpole mpaka unataka kumtikisa, mwenye daftari zilizopangwa vizuri kuliko kabati la sakristia. Swali lake lilikuwa moja: katika mbuzi wetu wa huku, koneksini inaanza kuonekana lini kati ya seli walezi, na inabadilisha mahali namna gani kadiri dume linavyokua? Wafugaji wa upande wa Lac Vert walikuwa wakihasi baadhi ya wanambuzi kama desturi, naye aliwafuata karibu mwaka mzima, akiomba kile ambacho wao walikuwa wakitupa. Walipokubali, alikusanya vyote kwa siku moja, kuanzia kijusi alichokipata machinjioni, mpaka mtoto wa siku moja, wa mwezi, na dume aliyekwisha kubalehe. Kila kipande alikiandika umri, rangi ya mbuzi, na jina la mwenye mbuzi. Alinikabidhi chupa zake kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto abatizwe, kisha akarudi kwa wafugaji wake kumalizia daftari zake.

Hapa ndipo ninapoandika polepole.

Vipande vya Espérance vilitakiwa kukaa katika formoli siku mbili tu. Siku ya pili umeme ukakatika. Nikajisemea maneno ya Papa Kambale, nikaviacha, nikaenda kwangu. Baada ya wiki moja umeme ulirudi. Mimi sikurudi. Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa Bukavu, na shangazi ndiye mimi. Nilipanda boti nikikusudia kukaa siku nne. Lakini kulikuwa na siku ya mahari, siku ya serikali, siku ya kanisa, siku ya kuwashukuru waliochanga, na nina hakika kulikuwa na siku ya kuwashukuru walioshukuru. Nilicheza mpaka kisigino kikafura. Profesa Mapendo alikuwa safarini, Espérance yuko kwa wafugaji, hakuna aliyeniuliza. Niliporudi, vile vipande vilikuwa na wiki tano ndani ya formoli.

Nikavitoa, nikavipitisha kwenye alkoholi na parafini, nikafungua kaye ya labo, daftari ambamo kila kazi inaandikwa. Kwenye safu ya formoli, mkono wangu ukaandika wenyewe kile ulichokuwa ukiandika miaka yote: siku mbili. Niliona. Nilikaa nikiitazama ile "siku mbili", kalamu bado iko mkononi. Nikasema moyoni, itadhuru nini? Formoli haiozeshi kitu. Nikafunga kaye.

Ili kuiona koneksini unahitaji kingamwili, dawa inayotafuta protini hiyo tu na kuishika, kisha unaongeza rangi ya kahawia inayoonyesha iliposhika. Kingamwili chetu kilikuja kutoka mbali kwenye kichupa kidogo kuliko kofia ya kalamu. Tukafanya mara ya kwanza. Kioo cheupe. Mara ya pili, cheupe. Mara ya tatu Espérance alivaa rozari. Cheupe kama shati la komunyo ya kwanza.

Na shahidi wangu je? Shahidi alikuwa kipande cha moyo wa mbuzi, kwa sababu moyo umejaa koneksini. Bila hiyo seli zake zisingepiga kwa pamoja. Ulikuwa katika formoli pamoja na korodani, siku zilezile. Shahidi naye akakataa mara tatu, kama Petro.

"Kingamwili imekufia mu njia," akasema Profesa Mapendo. "Baridi ilikosekana fasi fulani."

"Inabakia ya mara moja tu, Profesa," Espérance akajibu, na machozi yakaanza. Muda wake chuoni ulikuwa ukingoni. Kuagiza kichupa kingine kungechukua miezi ambayo hakuwa nayo. Kama mara ya nne ingekuwa nyeupe, somo lake lingefungwa, na pamoja nalo wale wanambuzi wote wenye majina. Nilimpa kitambaa changu apanguze uso. Ninakikumbuka, kilikuwa na maua.

Kwa sababu mimi, vijana, nilikuwa nimeanza kujua. Nilisoma kijitabu cha maelekezo kilichokuja na kingamwili, mstari kwa mstari, jambo ambalo fundi mzoefu hulifanya mwisho kabisa. Kilisema formoli inazifunga protini, na kadiri zinavyokaa ndivyo fundo linavyokaza. Hazijaoza, Papa Kambale alisema kweli. Zimefungwa tu, na kingamwili hakioni pa kushika. Ili kuzifungua, chemsha vioo kwenye maji ya dawa dakika ishirini. Sisi tulichemsha dakika ishirini, mara zote tatu.

Jumamosi ile nilikuwa nyumbani nikipika maharage. Sufuria ilikuwa inachemka tangu asubuhi, maji yanaruka kwa fujo, na maharage magumu kama mawe ya volkano. Nikaanza kuyatukana. Kila mama wa Goma anajua: huku juu milimani maji yanachemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Yanafanya kelele tu. Mwiko ukaniganda mkononi. Waliokiandika kile kijitabu wako wapi? Pengine karibu na bahari, ambako maji yakichemka yamechemka kweli. Moto wetu ulikuwa pungufu, na fundo letu, nilijua mimi peke yangu, lilikuwa la wiki tano. Nikazima jiko, nikachukua sufuria yangu ya presha, kokoti, ile ya filimbi, ambayo niliitunza kwa ajili ya sikukuu.

"Bibi," akasema Papa Bisimwa, "kokoti iko naenda wapi?"

"Iko naenda kazini."

"Na maharagi?"

"Itaiva kesho."

Aliitazama sahani yake, akanitazama, akaenda kuomba mkate kupitia tundu la jirani.

Jumatatu niliingia labo na sufuria kichwani. Profesa Mapendo alivua miwani. "Mama Nabintu, ile ni nini?"

"Kokoti, Profesa. Maji ya huku inachemka mbio lakini moto yake ni kidogo. Mu kokoti, presha inapandisha moto. Tuweke vioo mule."

"Na kama inapasuka?" Espérance akauliza kwa sauti ndogo.

"Basi tutalia pamoja."

Nusu ya ukweli niliisema, kama mnavyoona, na kwa sauti kubwa. Nusu ya pili niliimeza.

Filimbi ilipolia, mlinzi wa lango alikuja mbio kuuliza nani anapika na je, kuna cha kuonja. Tukaviacha vioo vipoe, tukadondosha matone ya mwisho ya kingamwili, nami nikakunguta kile kichupa kama mtu anayekunguta chupa ya pilipili kwa mgeni. Kesho yake tukaongeza rangi. Espérance aliweka jicho kwenye hadubini, kwanza kwa shahidi. Akazungusha skrubu ya hadubini. Akaendelea kuizungusha mpaka nikataka kumvuta sikio.

"Mama," akasema, "moyo inaongea."

Nilisukuma bega lake nikaangalia. Vidoti vya kahawia, vimejipanga palepale seli inapogusana na seli, wazi, vingi, vizuri kupita kiasi! Nilipiga kigelegele ambacho labo ile haikuwahi kukisikia. Tukaweka korodani, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Katika kijusi vidoti vilikuwepo tayari, vichache, vimetawanyika. Kwa mtoto wa mwezi, vimeongezeka kati ya mlezi na mlezi. Kwa dume lililobalehe vyote vimeshuka chini, vimejipanga kandokando ya ukuta wa mrija mkubwa ambamo mbegu hukomaa, kila kimoja mahali pake. Tulikuwa tunatazama seli zinavyojifunza kuongea. Espérance alicheka na kulia. Profesa Mapendo, huyo mnayemwogopa, alicheza nami rumba kati ya friji na meza, bila muziki, na anaijua!

Tangu siku ile mkaniita Mama Kokoti, na wageni wakija walionyeshwa sufuria yangu kabla ya hadubini. Niliicheka sana sifa ile na niliipenda. Lakini kila niliposifiwa, niliikumbuka ile "siku mbili", kwa sababu Espérance aliinakili kwenye tasnifu yake kwa mwandiko wake mzuri, akiamini. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Siku moja tulikutana sokoni Kituku, amekuja kununua sambaza. Nikamshika mkono, nikasema, "Espérance, mutoto yangu, kuko kitu." Akanitazama kwa macho yale yanayoamini kila kitu. Nikamwambia samaki wa meza ya pili ni wabichi zaidi.

Siku ya kutetea tasnifu ukumbi ulijaa. Mambo yaliendeshwa kwa Kifaransa, kama desturi, mpaka mkuu wa watahini, profesa mzee kutoka Bukavu, alipochoka na Kifaransa.

"Mutoto yangu," akasema, "na siye Bukavu tuko ku mulima. Maji yetu inachemka sawa na yenu. Siye tunatumia sufuria ya kawaida, na rangi inatoka. Kwenu, mara tatu hakuna kitu. Mara ya ine, kila kitu. Juu ya nini niamini ya ine, nikatae ya tatu?"

Espérance alifungua kurasa. "Formol ilikuwa siku mbili, Profesa. Sawa na maelekezo. Iko mu kaye."

"Basi maelezo ya presha haitoshi. Kama siku ni mbili, ile vidoti inaweza kuwa uchafu ya rangi tu. Uko na jibu ingine?"

Alirudi kwenye ukurasa uleule, akafuata mstari kwa kidole. Jibu nilikuwa nalo mimi, nimekaa safu ya nyuma na kitenge cha sherehe.

Nikasimama. Na hapohapo nikaanza kucheka. Ndio ugonjwa wangu, nikiogopa ninacheka.

"Mama," akasema mzee, "wenye kusikiliza hawasemaka hapa."

"Najua, Muzee. Lakini ile mwandiko ni yangu. Siku mbili ni uongo. Ilikuwa wiki tano."

Espérance aligeuka.

"Tano?"

"Tano. Moja ya umeme, ine ya ndoa."

"Ndoa ya nani?"

"Ya binti ya kaka yangu, kule kwenu Bukavu. Nilikuwa shangazi."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo. Nami nikaona bora nimalize yote: "Mficha uchi hazai, Muzee. Nimeficha ya kutosha. Huyu mutoto hajui kitu."

Kusema mficha uchi hazai katika ukumbi uliokaa saa mbili ukijadili korodani, vijana, sikukusudia, nawaapia. Ukumbi ulipasuka. Hata watahini waliinamia karatasi zao, mabega yanaruka. Mzee peke yake hakucheka. Alingoja, akauliza: "Na moyo, ile ya shahidi?"

"Ilikuwa mu formol ileile, siku zilezile."

"Njo maana nayo ilikataa." Akaandika kitu. "Kwa wiki tano, na sufuria yetu ya Bukavu ingeshindwa. Presha njo ilifungua. Sasa naamini." Akamgeukia Espérance. "Utaandika wiki tano mu tasnifu, fasi zote. Bila ile, sisaini." Halafu akanitazama mimi, na nikaona mdomo wake unapigana na nafsi yake. "Shangazi, kaa."

Profesa Mapendo alipita mbele yangu bila kusimama. "Kesho, saa mbili," akasema. "Na kaye."

Espérance nilimkuta kwenye ukumbi mdogo wa nje, ameegemea ukuta, tasnifu kifuani. Walikuwa wamekwisha kumpa udaktari wake. Hakuwa akitabasamu.

"Mara tatu nimelia, mama."

"Najua."

"Ukanipa kitambaa."

"Najua."

"Na ulikuwa unajua."

Hapo sikucheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kwamba nilitamani kucheka na kicheko hakikuja. Nilimwambia nisamehe, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Mashi, lugha ya kwetu, kwa sababu sikujua lugha ipi ingefika.

"Yule bibi-harusi," akauliza mwishowe, "amekwisha kuzaa?"

"Mapacha."

Pua yake ikaanza kutetemeka. "Angalau kule," akasema, "seli zilisikilizana." Kisha akacheka, akateleza kando ya ukuta mpaka akakaa sakafuni na gauni lake la sherehe, nami nikakaa karibu naye, na tulicheka mpaka watu wakaja kutazama nani amefiwa.

Kesho yake, saa mbili kamili, Profesa Mapendo alifungua kaye mbele yangu, akanipa kalamu nyekundu. Nilitaka kuchafua ile "siku mbili" mpaka isionekane tena. Akanishika mkono. Mstari mmoja, akasema, mwembamba, ili neno la chini liendelee kusomeka. Nikapiga mstari mmoja. Juu yake nikaandika "wiki tano", nikasaini jina langu lote, na liko pale mpaka leo, kosa na ukweli katika safu moja. Vijana, msije mkalifuta.